Viungo vya Safari: Kiti Mwendo kutoka Kilosa hadi Mikumi

Katika familia nyingi za nchi yetu, mtu anayetumia kiti mwendo husafiri kwa sababu mbili tu: kwenda hospitali na kurudi kutoka hospitali. Harusini hutumiwa picha kwa simu. Msibani huombwa atume rambirambi. Watoto wakipanga kwenda kutazama wanyama wa Mikumi wakati wa likizo, yeye huachiwa funguo za nyumba na kuambiwa, kwa upole na mapenzi, kwamba njia ni ya taabu na heri apumzike. Hakuna anayemchukia. Lakini miaka hupita, na mtu aliyekuwa akivitaja kwa majina vijiji vyote vya barabara ya Kilosa na Mikumi hubaki kuijua njia moja tu, ile ya kutoka kitandani hadi barazani.

Makala haya tunayaelekeza kwa familia hizo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu 1 katika kila watu 6 duniani anaishi na ulemavu mkubwa wa namna moja au nyingine. Basi ni nadra kuikuta safu ya msikitini isiyo na mwenye jamaa wa namna hiyo nyumbani. Tunalotaka kulisema ni kwamba safari ya mtu wa kiti mwendo mara nyingi haishindwi na urefu wa njia, wala haishindwi na chombo chenyewe. Hushindwa kwenye viungo vyake: pale msafiri anapotoka kwenye kiti kuingia chomboni, pale anapohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, pale palipo choo na pale palipo ngazi. Anayevijua viungo hivyo kabla ya kufunga mzigo, safari yake huwa imekwisha nusu.

Meli iliyopita Kilosa

Tuanze mbali kidogo, ili tuone kwamba jambo hili si la maskini peke yao. Katika nchi tajiri, watu wengi wa viti mwendo huzipenda meli kubwa za matembezi, zile zinazozunguka bandari baada ya bandari kwa siku saba au zaidi. Sababu yake inaeleweka. Msafiri huingia mara moja, akapanga nguo zake mara moja, kisha chumba chake ndicho kinachosafiri pamoja naye. Meli hizo zina lifti, na zina vyumba vichache vyenye milango mipana na bafu lisilo na kizingiti. Kwa kuwa vyumba hivyo ni vichache, wanaovihitaji hukata tiketi miezi mingi kabla. Wanaotumia vile vigari vidogo vya umeme vya kuketi mtu mmoja huambiwa wapime upana wake kwanza, na huagizwa wakiweke chumbani, si ushorobani, ili siku ya hatari kisizuie watu kukimbia.

Hata hivyo, meli hizo nazo zina kiungo dhaifu. Bandari nyingine hazina gati la kuzitosha. Hapo meli hutia nanga mbali na nchi kavu, na abiria hushushwa kwa mashua ndogo. Chombo chenye lifti kumi hushindwa na mashua moja inayoyumba, na msafiri wa kiti mwendo huenda akaambiwa abaki melini akiutazama mji kwa macho tu.

Sisi watu wa Kilosa tuna udugu wa mbali na meli hizo. MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer kilichopo Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika makasha, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapakiwa kwenye reli ya kati kuelekea Kigoma, ambako ilishushwa ziwani mwaka 1915. Reli hiyo ndiyo hii inayopita hapa petu, kwa hiyo meli nzima ilipita Kilosa ikiwa ndani ya makasha. Kiwanda hichohicho leo ni mashuhuri kwa kuunda meli kubwa za matembezi tulizozitaja.

Nayo Liemba, kwa miongo mingi, ilivihudumia vijiji vya ziwa ambavyo vingi havikuwa na gati. Ilisimama majini, mitumbwi ikaisogelea, na abiria wakapanda kwa kuvutwa mikono. Mwenye miguu isiyomtii aliyeishi kando ya ziwa hilo alikijua kiungo dhaifu cha safari muda mrefu kabla haujaandikwa mwongozo wowote wa watalii.

Kimo cha jukwaa

Sasa turudi nyumbani. Reli mpya ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Kilosa ina stesheni katika njia hiyo. Watu husifu mwendo wake, uliosanifiwa kufikia kilomita 160 kwa saa. Kwa mtu wa kiti mwendo, sifa iliyo kubwa kuliko mwendo ni kimo cha jukwaa. Behewa la reli ya zamani hupandwa kwa vidato kutoka chini, na asiyeweza kupanda hubebwa. Katika reli mpya jukwaa limeinuliwa likakaribia sakafu ya behewa, na kiti huweza kuingia na mwenyewe akiwa amekikalia.

Kinachobaki ni ule mwanya mdogo kati ya jukwaa na mlango. Magurudumu madogo ya mbele hupenda kutumbukia humo. Dawa yake ni kumwingiza msafiri kinyumenyume, magurudumu makubwa ya nyuma yakitangulia, na msaidizi mmoja akisimama ndani na mwingine nje. Familia iwajulishe wahudumu wakati wa kukata tiketi, si wakati treni inapiga honi. Iulize behewa lipi lina nafasi ya kiti, mlango wa choo una upana gani, na nani atasaidia katika stesheni ya kushukia. Kuuliza mapema si kusumbua watu. Huwapa wahudumu muda wa kujiandaa.

Msafiri akishashuka Kilosa, kiungo kingine humngoja nje ya stesheni. Bodaboda haimfai. Bajaji humfaa ikiwa kiti chake hukunjika, na ikiwa dereva amekubali kukibeba kabla mwenyewe hajapanda. Tunawashauri vijana wa familia wampate dereva wao mmoja aliye mpole, wamwoneshe mapema namna ya kukikunja kiti na kukifungua, na waihifadhi namba yake. Dereva anayemjua abiria wake ni bora kuliko kituo kizima cha bajaji.

Barabara ipitayo Ulaya

Kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi ni kilomita zipatazo 70 kuelekea kusini, na njiani kuna kijiji kiitwacho Ulaya. Wazee wetu hutania kwamba hata asiyewahi kuiona ndege amekwisha kufika Ulaya na kurudi siku hiyohiyo. Kwa mama mmoja wa jamaa yetu, utani huo ulikuwa umekwisha ladha.

Mama huyo alikatwa mguu wa kushoto kwa sababu ya kisukari. Binti yake ameolewa Mikumi. Binti alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama alitamani kuihudhuria akika ya mjukuu. Alipakiwa kwenye basi dogo. Kiti chake kilitozwa nauli kama mzigo, kikafungwa juu ya keria pamoja na magunia. Yeye mwenyewe alinyanyuliwa kwa kushikwa makwapa, bila kuulizwa, na kijana asiyemjua, mbele ya macho ya stendi nzima, na mtandio wake ukaanguka. Alifika. Gurudumu moja la kiti lilifika limepinda. Tangu asubuhi hakuwa amekunywa maji, kwa kuogopa kuhitaji choo njiani, na alipofika kichwa kilikuwa kinamzunguka. Aliporudi Kilosa alisema hatasafiri tena hadi safari ile ambayo watu hubebwa wote.

Tumeitafakari sana habari hiyo, na kila tunapoirudia tunaona kwamba barabara haikuwa adui yake. Kilomita 70 alizikaa kama abiria wengine. Kilichomvunja ni dakika tatu za kupandishwa, dakika tatu za kushushwa, na choo ambacho hakuna aliyekuwa amekiulizia.

Mwaka uliofuata familia tano zilichangishana zikakodi gari aina ya Noah. Gari hilo lina mlango wa kutelezesha na sakafu ya chini, na kiti chake huwa karibu sawa na kimo cha kiti mwendo. Seremala wa mtaani alichonga ubao laini wa urefu wa sentimita 70, akausugua kwa msasa hadi ukateleza. Ubao huo uliwekwa kama daraja kati ya viti viwili, na mama akajisogeza mwenyewe kwa mikono yake kutoka kimoja kwenda kingine. Kinamama wawili wa jirani walisimama karibu naye, wakimshika pale tu alipowaomba. Kwa jirani mmoja wa njiani palikuwa pameombwa choo chenye nafasi. Mama alikaa kwa binti yake siku nne, na siku ya tano wakampeleka hifadhini.

Hifadhini wote huketi

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia huikata katikati kwa kilomita zipatazo 50, kiasi kwamba hata abiria wa basi la kawaida, dirishani pake, huweza kuwaona twiga, pundamilia na tembo. Kaskazini mwa barabara hiyo kuna uwanda wa Mkata, ulio wazi na wenye nyasi, ambako nyati na simba huonekana bila kuhitaji kupanda kilima chochote.

Humo ndani kuna kanuni ambayo wengi huiona kama kizuizi, na sisi tunaiona kama rehema kwa mtu wa kiti mwendo: mgeni haruhusiwi kushuka garini isipokuwa katika sehemu zilizotengwa. Mbio za mkimbiaji hazina kazi hapo. Tajiri na maskini, mzima na mgonjwa, wote huketi na kutazama kupitia dirisha lilelile. Kwa saa nne au tano, mama yule hakuwa na tofauti na yeyote garini, ila kwamba yeye ndiye aliyewaona simba wa kwanza.

Ziko tahadhari chache. Magari marefu ya watalii yana vidato vya juu, na uzuri wake haumfai asiyeweza kupanda. Gari la chini ni bora, mradi liende wakati wa kiangazi. Katika masika udongo mweusi wa Mikumi hugeuka gundi, na gari la chini hukwama. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya kutegemewa. Ulizeni langoni, kabla ya kuingia ndani zaidi, ni wapi penye choo kinachofikika, na mwambieni askari wa hifadhi kwamba mna mtu wa kiti mwendo.

Mwili, ibada na stara

Mtu asiyehisi vizuri sehemu za chini za mwili, kwa sababu ya uti wa mgongo, hupata vidonda vya mgandamizo pasipo kujua. Njiani anahitaji mto mzuri wa kukalia, na anahitaji kujiinua au kuinuliwa kidogo kila baada ya muda mfupi, takriban kila nusu saa au hata kabla yake, ili damu ipite. Mwenye kisukari asafiri na dawa na chakula chake mkononi, si kwenye buti. Na maji yanywewe. Kujinyima maji kwa kuogopa choo huleta maradhi ya njia ya mkojo; linalopaswa kupangwa ni choo.

Katika ibada, dini imekwisha kuweka wepesi. Asiyeweza kusimama husali ameketi, na msafiri huruhusiwa kupunguza na kuunganisha sala. Kwa hali maalumu za chomboni, familia zimuulize imamu wao kabla ya kuondoka. Tunaongeza faida ndogo ya jiografia. Kutoka kwetu kibla kipo kaskazini, kikielekea mashariki kidogo sana. Aliyesimamisha gari njiani akielekea Mikumi, na msafiri wake atasali akiwa amekaa ndani, na aligeuze gari lielekee Kilosa, kisha arekebishe kidogo. Kwa udhu, chukueni chupa ya mdomo mwembamba na beseni dogo. Kwa magurudumu, kitambaa chenye maji kabla ya kuingia msikitini.

Wala mtu asidhani kwamba kuhudhuria akiwa amepanda kitu ni upungufu. Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufu Al-Kaaba akiwa juu ya ngamia, na kwamba Mama Ummu Salama alipolalamika kuwa anaumwa, aliagizwa atufu nyuma ya watu akiwa amepanda. Hakuambiwa abaki nyumbani. Leo kati ya Safa na Marwa kuna njia maalumu ya viti mwendo, na mamia kwa maelfu ya mahujaji hutekeleza ibada yao juu ya magurudumu. Ikiwa katika nguzo ya dini nafasi yao imehifadhiwa, vipi wakose nafasi katika gari la kwenda akika?

Stara nayo ina adabu zake. Kiti mwendo ni kama mwili wa mwenyewe. Kisishikwe wala kisisukumwe kabla hajaulizwa. Mwanamke asaidiwe na maharimu wake au na wanawake wenzake, na mtandio wake ufungwe vizuri kabla ya kunyanyuliwa. Mazungumzo yaelekezwe kwake, si kwa anayemsukuma. Tumewasikia watu wakiuliza, mwenyewe akiwa mbele yao, kama mgonjwa atakula. Yeye si mgonjwa, na masikio anayo.

Vipimo vya kuwa navyo

Kila familia iandike katika karatasi moja: upana wa kiti, uzito wake, na kama hukunjika. Viti vingi vya kusukuma kwa mkono vina upana wa sentimita 60 hadi 70, hivyo mlango wa sentimita 80 hutosha na wa sentimita 90 hustarehesha. Kiti cha umeme huweza kuwa na uzito wa kilo 100 au zaidi, nacho hakibebwi na watu wawili kwa huruma. Kinahitaji njia ya mteremko. Na anayetarajia kupanda ndege na kiti cha umeme ajue aina na nguvu ya betri yake mapema, kwani mashirika ya ndege huiuliza.

Kanuni ya mteremko unaofaa ni kwamba kwa kila sentimita 1 ya kupanda, ziwepo sentimita 12 za kwenda mbele. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180, kazi ya fundi kwa siku moja. Lakini sakafu ya gari iliyo juu kwa sentimita 40 ingehitaji mteremko wa karibu mita 5, na ndiyo maana kwenye gari tunahimiza ubao wa kuhamia badala ya mbao za kupandishia.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inatambua haki ya kufikia majengo na huduma za umma. Sheria ni silaha nzuri, na anayetozwa nauli ya mzigo kwa ajili ya miguu yake ana haki ya kulalamika. Lakini mahakama haiwezi kufika stendi kila alfajiri. Jirani anaweza.

Kwa hiyo tunazipendekezea kamati za misikiti, kuanzia Kilosa hadi Mikumi, mambo ya gharama ndogo. Kila msikiti ulio kando ya barabara ya wasafiri uwe na mlango mmoja wenye mteremko na choo kimoja ambacho kiti huingia na kugeuka. Nafasi ya sentimita 150 kwa 150 hutosha kugeuka. Kila kamati iwe na ubao mmoja wa kuhamia unaoazimwa kama jeneza linavyoazimwa, na orodha ya madereva wenye subira. Na zinapopangwa ziara za Idi au za madrasa, swali la kwanza liwe ni nani wa kiti mwendo anayekwenda, kabla gari halijakodiwa.

Likizo ya mwezi Juni ndiyo iliyo karibu na majira mazuri ya Mikumi. Familia iliyo na mtu wa namna hii iketi naye wiki hii, imuulize angependa kwenda wapi, kisha itafute futi ya kupimia.